Benchi la Wabanguaji

Mwezi uliopita nilikwenda kusajili laini mpya ya simu. Kijana wa kibandani aliniambia niweke kidole kwenye kimashine chake, nikaweka, kikalia, akaniambia nimepita. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Alishangaa kuona bado nimesimama pale natazama kidole changu, na watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Nilitaka kumwambia kwamba namjua mwanamke aliyeweka vidole vyote kumi na hakupita. Sikumwambia. Nilisogea pembeni, na hasira niliyokuwa nayo nikiwa na miaka tisa ikanipanda upya, haijapungua hata kidogo. Naiandika hapa kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, maana wengi wetu tumekula korosho tangu utotoni na hatukuwahi kuuliza zimepita mikononi mwa nani.

Tulikaa Kibiti, upande wa chini wa barabara kuu, chumba kimoja na ukumbi, mimi na mama. Baba alikuwa huko Delta kwenye mashamba ya mpunga ya ndugu zake, akija kwetu mara mojamoja. Mama alikuwa mbanguaji. Nyuma ya maghala ya korosho kulikuwa na banda refu la mabati ambalo sote tuliliita kiwanda, ingawa mle ndani hamkuwa na mashine yoyote zaidi ya tanuri la kukaangia. Korosho zilikaangwa na maganda yake, zikamwagwa mbele ya wanawake waliokaa chini sakafuni, kila mmoja na jiwe lake na kigongo chake cha mti. Unaishika korosho kwa vidole viwili, unaisimamisha juu ya jiwe, unaigonga, ganda linapasuka, punje inatoka nzima. Ikivunjika, kosa ni lako. Ndani ya ganda lile mna mafuta meusi, mazito, yanayounguza ngozi pole pole kama chokaa mbichi. Wanawake wale walishinda na mafuta hayo kwa mikono mitupu. Kinga yao ilikuwa majivu ya jikoni, ambayo kila mmoja alitoka nayo kwake asubuhi ameyafunga kwenye pindo la khanga.

Moshi wa tanuri ulikuwa mkali, unawasha koo, na ulikaa katika kila kitu chetu: kwenye chandarua, kwenye mkeka, hata wali wa jana ukiupasha moto ulinukia kiwanda. Mama akirudi jioni nilimnusa kabla sijamwona.

Mwanzoni mwa msimu ninaousimulia, nilivunja mtungi wake. Alikuwa ameachiwa na marehemu mama yake kule Mbwara, na ulikuwa ukipoza maji kuliko mtungi wowote mtaani kwetu. Niliupiga teke nikicheza. Mama hakunichapa wala hakunigombeza. Aliokota vigae kimya kimya, akavitupa nyuma ya choo. Kisha, baada ya siku chache tu, akaacha kunigusa.

Labda mtu mzima hawezi kuelewa jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi gani. Kabla ya hapo mama alikuwa akinishika kidevu akininawisha uso, na akinisuka nywele kila Ijumaa huku ananisimulia mambo ya utoto wake. Sasa nywele zangu zikawa zinasukwa na binti wa Zuhura, jirani yetu aliyebangua naye. Chakula alinipakulia kwa kijiko, akanisogezea sahani kwa mgongo wa mkono. Nikimwegemea, alinyanyua mikono yote miwili juu, kama mtu anayeepusha sufuria ya moto. Tukilala, aliifunga mikono ndani ya khanga na kuigeuzia ukutani.

Nilipiga hesabu zangu za kitoto nikapata jibu moja: ni mtungi. Nilianza kuosha vyombo kabla ya kutumwa. Nilifagia uwanja mpaka kwa jirani. Nilidhani adhabu ile ina siku yake ya kwisha, na kwamba siku hiyo nitaijua kwa kuona mama ameshika kitana na kuniita nikae kati ya magoti yake. Wiki zikapita, siku hiyo haikuja.

Wakaja watu wa kuandikisha wananchi kwa alama za vidole. Walipanga meza zao kwenye shule ya msingi, na mama akavaa doti yake ya khanga nzuri, akanichukua tukaenda kupanga foleni tangu asubuhi. Ilipofika zamu yake, karani, kijana mpole mwenye jasho usoni, alimwelekeza aweke vidole vinne vya kulia kwenye kioo. Kitaa cha mashine kikawaka chekundu. Akaweka vya kushoto, kikawaka chekundu. Karani alifuta kioo kwa fulana yake. Akamwomba mama akanawe kwa sabuni, mama akaenda bombani akarudi, kikawaka chekundu tena. Wakajaribu kidole kimoja kimoja. Nyuma yetu watu walianza kucheka, wakisema huyu mama labda ni jini.

"Mama, vidole vyako havisomeki," karani akasema kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari ya ugonjwa. "Kasubiri kwenye lile benchi la wenye matatizo."

Nilikaa naye. Lilikuwa benchi la darasa la kwanza, fupi, magoti ya mama yalimfika kifuani. Sikuwa na shaka kwamba makosa ni yangu. Niliamini mama amenikasirikia hadi hasira imemshuka kwenye vidole na kuvifuta, na mashine imeiona.

Baada ya muda alikuja kukaa Zuhura. Kisha wengine wawili. Kisha akaja Bi Siwema, mwanamke mwembamba, mtu wa Mtunda, aliyekuwa amebangua korosho kuliko wote pale. Walipofika saba, benchi likajaa. Bi Siwema aliwatazama mmoja mmoja toka huku mpaka kule. Hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Hebu tazamaneni," alisema. "Benchi lote hili ni la kiwandani."

 Niliwaona wote wakigeuza viganja juu ya mapaja yao na kuvitazama kama vitu walivyopewa na mtu mwingine wavishike. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, ngozi inamenyeka kama ya kitunguu, na pale ilipomenyeka palikuwa laini, pekundu, patupu, hapana mstari hata mmoja.

Tulirudi nyumbani bila mama kuandikishwa, jua limeshakuwa kali. Njiani nilishindwa kuvumilia.

"Mama, nikiwa mkubwa nitakununulia mtungi mwingine," nikamwambia.

Akasimama. Aliniuliza mtungi gani. Nikamweleza yote huku nalia: mtungi, vyombo, uwanja niliofagia, nywele zangu, na vidole vyake ambavyo nimeviharibu mimi. Alichutama mbele yangu katikati ya njia, watu wakawa wanatupita.

"Wewe ulidhani nimekununia msimu mzima kwa ajili ya mtungi?"

Nikasema ndiyo.

Ndipo akanieleza habari ya mwenzake mmoja ambaye mwanzoni mwa msimu ule alimfuta mtoto wake machozi baada ya kazi, na asubuhi shavu la mtoto likawa limetoka malengelenge. Mafuta yale hayatoki kwa sabuni ya mche, alisema, yanajificha kwenye mipasuko. "Si hasira, mwanangu. Mikono hii ingekuunguza." Kisha alinipangusa mashavu kwa sehemu ya ndani ya kiwiko chake, moja baada ya jingine. Ilinitekenya, nikacheka. Yeye hakucheka. Alichosema baadaye sidhani alikuwa ananiambia mimi.

"Vidole wameshachukua. Mtoto hawamchukui."

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, wanawake walikutana uani kwa Bi Siwema. Nilikuwepo, nimekaa nyuma ya mama. Walizungumza kwa zamu, na kila mmoja alisema jambo ambalo wengine walikuwa wanalijua lakini hawakuwahi kulisikia likitamkwa. Mmoja alieleza anavyowaachia watoto kutia chumvi kwenye mboga kwa sababu inamchoma vidole. Mwingine alisema anakojoa mara moja tu kwa siku, jioni, kwa kuwa mle ndani hamna maji ya kunawa na hawezi kujishika na mikono ile. Aliyekuwa na mtoto mchanga alisema maziwa yanamjaa mpaka yanalowesha nguo, na mtoto yuko nje ya geti analia na dada yake, na hakuna ruhusa ya kutoka. Zuhura alisema hospitali waliwahi kumwambia apumzishe mikono, akacheka mwenyewe alipolisema.

Mama ndiye aliyeandika barua, kwa kuwa alikuwa amemaliza darasa la saba na mwandiko wake ulisomeka. Alishika kalamu kwa shida, kati ya vidole viwili visivyopasuka sana. Waliomba glavu. Waliomba mafuta ya nyonyo ya kupaka kabla ya kazi, maji na sabuni, mabati mawili yang'olewe juu ya tanuri ili moshi upate pa kutokea, na wanaonyonyesha watoke mara mbili kwa siku. Hayo tu. Mwishoni wasiojua kuandika wakaombwa watie dole gumba. Bi Siwema alianza. Kilichotoka kwenye karatasi kilikuwa doa jeusi tupu, kama tone la lami. Wa pili vilevile, wa tatu vilevile. Mama alitaka kuandika jina la kila mtu pembeni ya doa lake, barua isije ikadharauliwa.

Bi Siwema alimzuia. Alisema yaachwe hivyo hivyo, na akataka hata wanaojua kuandika waweke dole. Wakaweka wote, mama wa mwisho. Karatasi ilijaa madoa ishirini na kitu, na yote yalifanana. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kile kidau cha wino tangu mwanzo, na kabla hawajakifunga nilibandika dole langu kwenye kona ya chini. Zuhura alinipiga kofi mkononi akisema nimechafua barua. Mama aliichukua karatasi akaitazama. Dole langu lilikuwa dogo, lenye mistari yake yote, imezunguka kama mawimbi ya maji ukitupa kijiwe.

"Liacheni," alisema. "Waone tulivyozaliwa."

Msimamizi wa kiwanda aliisoma barua siku ya Jumatatu akiwa amesimama mlangoni mwa banda. Mama alinisimulia mara nyingi, na kila mara kwa maneno yaleyale. Msimamizi alisema glavu zinapunguza mwendo wa kazi na kuvunja punje. Alisema nje ya geti kuna wanawake tele wanaovitaka vigongo hivyo. Akaikunja barua, akamrudishia mama, akawaambia wakae chini wabangue.

"Bangua wewe leo," mama akamjibu. "Sisi tutakutazama."

Akawafukuza, wakatoka. Hawakwenda nyumbani. Walitandika mikeka ng'ambo ya barabara, mbele ya geti, wakakaa. Shule zilikuwa zimefungwa, nikakaa nao. Hawakuimba wala hawakupiga makelele. Waliopita walisema waliyoyasema: kwamba wametumwa na wanasiasa, kwamba waume zao wamewashindwa. Kila mwanamke aliyekuja kuomba kazi getini, Bi Siwema aliinuka, akamwonesha mikono yake, akarudi kukaa bila neno. Wengine waliingia hivyo hivyo, na mama alisema wasilaumiwe. Wengine wawili walikaa nasi mkekani ingawa hawakuwa wamewahi kushika korosho hata moja.

Siku ya tatu tulipungua. Siku ya nne Zuhura alipita mbele yetu amejifunika mtandio mpaka puani, akaingia getini. Mwenzetu mmoja alianza kumtukana. Mama alimnyamazisha, akamkumbusha kwamba Zuhura ana watoto wanne na mume mgonjwa. Lakini jioni ile nyumbani mama hakula, na mimi nilimchukia Zuhura kwa moyo wangu wote, nikazifumua nywele nilizosukwa na binti yake, moja moja, mpaka zikasimama kichwani kama magugu.

Tulikwenda Utete, kwenye ofisi za wilaya, mama, Bi Siwema na mimi na nywele zangu zile. Tulingoja kwenye veranda hadi tukaitwa. Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, amejifunga kilemba, na alitwambia shikamoo kabla hatujakaa. Aliisoma barua yote. Alipofika mwisho alikunja uso, akauliza kama kidau cha wino kilikuwa kibovu.

"Wino ni huohuo," mama akasema, akaweka kidole chake kwenye kona ya chini. "Hilo la mwanangu huyu. Hayo mengine ni yetu."

Afisa aliniangalia, akaiangalia karatasi. Akaomba kuona mikono ya mama, na mama akaiweka mezani juu ya mafaili, mmoja upande huu na mwingine upande ule, akaiacha pale.  Yule afisa hakutoa pole. Alichukua kalamu akaanza kuuliza maswali, akaandika kila jibu, na alipomaliza akatwambia tusimwambie mtu siku atakayokuja.

Sijui nani alisema, lakini kiwandani walijua. Asubuhi alipofika, lilikuwepo pipa jipya la maji mlangoni, na wanawake wote waliobaki ndani wamevaa glavu za mpira, za njano, zinang'aa. Sisi wa mkekani tulisimama kwenye geti lililo wazi tukaona kila kitu. Msimamizi alimtembeza afisa taratibu, akimweleza. Afisa aliuliza kwa sauti kama kuna mwenye shida yoyote. Wote waliinamisha vichwa. Vigongo vikaendelea kugonga, tena kwa shida, kwa sababu glavu zilikuwa kubwa. Nilimwona mama akifumba macho.

Kisha Zuhura akasimama. Alivua glavu ya kulia, akavua ya kushoto, akazitupa miguuni kwake na kunyoosha mikono mbele.

"Tumepewa leo asubuhi," alisema. "Mikono hii ni ya miaka sita."

Msimamizi alimwambia akae. Hakukaa. Mwanamke wa pembeni yake naye akavua. Halafu wa mbele. Nakumbuka mlio wa zile glavu zikianguka sakafuni, laini, kama matone makubwa ya mvua yanapoanza, na nakumbuka kwamba niliacha kumchukia Zuhura pale pale, bila kujikaza.

Baada ya siku kadhaa karatasi yenye mhuri ilibandikwa getini. Glavu za kuwatosha, mafuta ya nyonyo, bomba, sabuni, na watoto wachanga kuletwa kunyonya mara mbili kwa siku. Mabati yaling'olewa juu ya tanuri, na kwa mara ya kwanza moshi ukapanda juu badala ya kuja mtaani kwetu. Wa mkekani wote walirudishwa kazini, na msimu ukaisha.

Msimu uliofuata majina yalisomwa getini, na la mama halikuwemo. Wala la Bi Siwema, wala ya wengine wanne. Sababu haikutolewa. Nilidhani mama ataondoka kimya kimya kuficha aibu. Badala yake alisogea mbele na kumwomba msoma majina aanze upya, kwa sauti, ili kila mtu asikie ni nani ameachwa. Yule bwana akaanza upya. Wanawake walioitwa hawakuingia mpaka alipofika jina la mwisho. Zuhura alitoa glavu zake kwenye mfuko, akazivaa pale pale nje, mbele ya mama, akakaza kidole baada ya kidole. Wote wakavaa hivyo, ndipo wakaingia.

Mama na Bi Siwema walikwenda kulima Mtunda, kwenye shamba la kaka yake Bi Siwema, mihogo na choroko, na mimi nikahamia shule ya huko. Katika miezi ile ngozi ya mama ilirudi. Hakukaa shambani kwa utulivu, hata hivyo. Alikuwa amesikia kwamba kijiji cha pili kumefunguliwa banda jingine la kubangulia, dogo, na Jumamosi moja alinishika mkono tukaenda.

Wanawake walikuwa kama kumi na watano, wamekaa sakafuni, majivu mbele yao. Mama alisalimia, akawauliza maji ya kunawa yako wapi. Mikono yao ilisimama. Msimamizi wa pale alitoka kwenye kijiofisi chake akamwambia mama kwamba yeye si mfanyakazi wa hapo, na kwamba aondoke.

"Nitaondoka wakisema wao," mama alisema.

Yule bwana aliwageukia wanawake wake akangoja waseme. Nilihisi mkono wa mama ukibana wangu.  Kisha mmoja, aliyekuwa nyuma kabisa karibu na ukuta, alijisogeza upande, akalisukuma jiwe lake kando, akampa mama nafasi ya kukaa.